Ubavu wa Ndani

Jumamosi, 4 Julai

Dada yangu mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama: mikono ya Baba inanitia kinyaa.

Najua si neno la mtoto kuandika kuhusu mzazi wake. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Jana mezani alinimegea kipande cha mkate, akakichovya kwenye mchuzi, akakiweka kwenye sahani yangu kama anavyofanya tangu nilipokuwa mdogo. "Kula, Miwani. Akili haishibi vitabu vitupu." Pembeni mwa kucha zake kulikuwa na weusi. Si ule weusi wa kazi. Weusi wa kazi naujua, tumekua nao, unatoka kwa sabuni ya unga na mchanga. Huu ulikuwa unang'aa, tena unanukia utamu, kama pipi iliyoyeyuka kwenye jua. Niliweka mkate ule kinywani, nikauhifadhi shavuni, nikasubiri Baba acheke jambo jingine, kisha nikatoka nje kuutema. Nimetema mkate wa baba yangu, Dada. Halafu nikarudi nikasema nimeshiba.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa Baba. Na unanijua, nikisema maneno yananikwama kooni, nikiandika yanatoka.

Ngoja nianze mwanzo. Unamkumbuka yule mama, Hakimu mstaafu anayeniazima vitabu? Alipostaafu watu walidhani atafuga kuku. Yeye akanunua gari. Jeusi, refu, injini ya silinda nane. Likiwashwa karakanani kwa Baba vikombe vya chai vinatetemeka mezani. Fundi Jeki akiliona huvua kofia, anasema hilo si gari, ni mheshimiwa. Hakimu hana dereva. Anaendesha mwenyewe, na haendeshi polepole.

Basi mwezi uliopita alikuja, meno ya matairi yamekwisha. Baba akaanza kumpamba kwa maneno, "Mama, hapa umefika, tunayo ya kila aina." Hakimu akamwacha anazungumza, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa kwenye rundo la matairi nasoma.

"Wewe unayesoma. Nichagulie."

Nikasema mimi ni mwanafunzi tu.

"Wanafunzi ndio bado wanasoma maandishi madogo. Wiki moja. Niletee hukumu, na sababu za hukumu."

Dada, sijawahi kufurahi hivyo. Nilitoa kitabu cha gari kwenye droo ya mbele nikakisoma chote. Nikasoma orodha za watengenezaji, nikachora jedwali kwenye daftari la jiografia. Ulijua kwamba gari lile halivai matairi sawa? Ya mbele yana upana wa milimita mia mbili hamsini na tano, ya nyuma mia mbili tisini na tano, kwa sababu nguvu yote inasukuma nyuma. Ulijua kwamba herufi moja ubavuni inasema tairi litavumilia mwendo gani kabla halijapasuka? Kulikuwa na aina tatu. Ya kwanza laini, inashika lami kama gundi lakini inaisha upesi. Ya pili ngumu, inadumu, lakini kwenye maji inateleza. Ya tatu ina sura mbili: upande wa nje meno mapana ya kushika kona, upande wa ndani mifereji ya kutoa maji. Nilichagua ya tatu. Nikamsomea Hakimu sababu zangu huku sauti inatetemeka kama vikombe vile. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hukumu imepita," akasema, akalichukua daftari. "Hakuna rufaa."

Baba akasema yataagizwa, yatafika baada ya mwezi. Lakini siku tatu baadaye yalikuwa yamefika. Jana niliporudi shuleni nilipita mlango wa nyuma wa karakana. Baba amechuchumaa na kopo na kitambaa. Anapaka. Matairi manne, aina ileile niliyochagua, jina lilelile. Kabla hajafika sehemu ya mwisho niliona mpira wenyewe: kijivu, mkavu, umejaa nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Nilikaribia nikasoma zile nambari nne za ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yalitengenezwa nilipokuwa darasa la pili, Dada. Nilikuwa bado nang'oka meno.

"Haya ni ya zamani," nikasema.

Baba hakushtuka. "Hayajawahi kugusa barabara. Tairi lisilotembea halizeeki." Akapaka juu ya nyufa, akazipoteza zote, akanikonyeza.

Kisha akaenda nyumbani akanimegea mkate.

Nataka kukuuliza jambo moja. Wewe ulikuwa karakanani kila siku kabla hujaenda mjini kwenye duka la dawa. Ulikuwa unajua?

Mdogo wako,
Miwani


Jumatano, 8 Julai

Kwako Miwani, mtema mikate,

Barua yako nimeisomea stoo nimekalia boksi la dawa za kikohozi, nimecheka mpaka mwenye duka akaja kuuliza kama ni mimi ninayekohoa. Eti kinyaa! Mtoto wa fundi matairi anaona kinyaa weusi wa kucha! Ungezaliwa kwa muuza samaki ungefanyaje? Ile ada ya shule unayolipiwa ili ujue herufi za ubavuni imetoka kwenye kucha hizohizo, mama.

Sikiliza, mdogo wangu. Kila kazi ina jikoni yake, na mgeni hakaribishwi jikoni. Matairi yale hayajatembea, Baba amesema kweli. Kuyang'arisha si kosa, hata viatu vinang'arishwa. Na huyo Hakimu wako ni mtu mzima. Kama anataka kuendesha kama kijana wa miaka ishirini, hayo ni yake na Mungu wake.

Wewe una miwani ya kioo. Kwa mambo ya karakana vaa ya mbao. Sote tumeivaa. Mama anayo tangu siku ya harusi.

Na tafadhali usianze kuuliza-uliza mbele ya Fundi Jeki. Mdomo wake hauna kifuniko, anasema hata yale ambayo hajaulizwa. Soma vitabu vyako, mtihani uko karibu. Nimekuwekea kwenye bahasha vidonge vya tumbo, kama mkate umekukataa kweli. Meza kimoja asubuhi.

Kwaheri, na umsalimie Mama. Mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata ila si cha bluu.

Dada yako


Jumapili, 12 Julai

Dada,

Hujanijibu. Nimeisoma barua yako kama ninavyosoma swali la mtihani, mstari kwa mstari. Umenieleza kuhusu samaki, viatu, kitambaa cha Mama. Nilichouliza kilikuwa na maneno mawili tu.

Vidonge vyako vimefika. Nimegeuza pakiti nikasoma tarehe ya mwisho kutumika, maana wewe ndiwe uliyenifundisha. Mwaka jana ulituambia kwamba kila mwisho wa mwezi unapita rafu zote, na dawa iliyopita tarehe hata kwa siku moja unaitupa, hata kama haijafunguliwa. Mama alisema ni ubadhirifu. Wewe ukasema, "Mama, dawa inazeeka ndani ya pakiti, haingoji mtu aimeze." Sasa niambie: dawa inazeeka, tairi halizeeki?

Haya sasa, nikuambie yaliyotokea baada ya barua ile.

Jumatatu tarehe sita Hakimu alileta gari. Nilikuwa shuleni. Niliporudi lilikuwa limekwisha kufungwa matairi, linang'aa, na Hakimu amesimama pembeni. Baba akanivuta kwa bega mbele yake. "Huyu hapa aliyechagua! Mimi nimetii tu. Kama kuna kosa, mlaumu binti." Wakacheka wote. Mkono wake ulikuwa begani kwangu juu ya shati jeupe la shule, na uliacha alama.

Nilitaka kusema. Nakuapia nilifungua kinywa. Kikatoka kitu kama "ndiyo."

Hakimu akasema kwa kazi ile ninastahili kuwa abiria wa kwanza, akanipakia. Tukashuka ile barabara yenye kona tatu, mvua ikaanza. Kwenye kona ya pili sehemu ya nyuma ya gari ilitoka njiani. Si sana, pengine urefu wa mkono. Kiti kilihama chini yangu. Hakimu akaugeuza usukani, gari likarudi, akacheka. "Ana wazimu huyu! Matairi mapya lazima yazoee, sivyo, Miwani?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ndiyo mbili siku moja. Aliniteremsha mlangoni kwake, akaingia ndani kuniletea zawadi. Hapo ndipo nilipochuchumaa nikatazama gurudumu, na nikaona kilichofanyika. Unakumbuka nilikuandikia kwamba tairi lile lina sura mbili? Ubavuni limeandikwa upande gani utazame nje na upi ndani. Zile nambari za wiki na mwaka ziko upande wa nje. Baba hakutaka zionekane. Kwa hiyo ameyageuza yote manne: nje yako ndani, ndani yako nje. Lile neno "ndani" la kumwonya fundi amelisugua kwa msasa, akapaka juu yake, lakini kivuli chake kinasomeka ukiweka uso karibu. Mifereji ya maji inatazama pasipo maji, na kwenye kona gari zima linaegemea upande dhaifu. Tairi kuukuu lingekuwa baya peke yake. Yeye ameongezea ubaya ili asionekane.

Hakimu akatoka na kamusi kubwa yenye jalada gumu. Ndani ameandika kwa mkono wake, "Kwa msomaji wa maandishi madogo." Nilifika nyumbani, nikatapika nyuma ya jiko. Vidonge vyako havitibu hiyo.

Jumamosi tarehe ishirini na tano anasafiri barabara kuu kwenda kuwachukua wajukuu zake wawili waje likizo. Ni mwendo wa saa tano. Ameniambia kwa furaha kwamba mtoto mdogo anapenda mwendo kasi, hupiga kelele "Ongeza, Bibi!"

Ulikuwa unajua?

Miwani


Alhamisi, 16 Julai

Miwani,

Ikiisha kusomwa, hii uichome. Usiiweke ndani ya kitabu, nakujua.

Umeuliza mara mbili. Sikujua tu, mdogo wangu. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Siku moja Baba aliona nilivyochora ramani ya shule, mistari imenyooka bila rula, akasema mkono huu una dhahabu. Akaniletea chuma cha kulehemu, kile chembamba cha fundi redio, na wembe. Kazi yenyewe ni hivi: unakwangua nambari za zamani mpaka ubavu unakuwa laini, unachoma mpira kidogo, halafu unachonga nambari mpya zikiwa bado za moto. Unapuliza, unasubiri, unapaka. Ukiharibu moja, tairi limekwenda. Sikuharibu. Baba alikuwa akiwaita rafiki zake waone, anawaambia tafuteni ni lipi. Walikuwa hawalioni. Nilijiona msanii, Miwani. Siwezi kukudanganya, nilifurahia. Nilijifunzia kwenye ubavu wa tairi kuukuu, kisha nikaanza kazi yenyewe. Tulifanya miaka minne.

Harufu ya mpira unaoungua inakaa kwenye nywele. Nilikuwa nikiosha mara mbili, mara tatu, na bado darasani wasichana walikuwa wakihama dawati. Wewe unatema mkate, mimi nilikuwa nanyoa kichwa. Mlidhani ni fasheni.

Nilipoondoka sikuondoka kwa ajili ya kazi. Kulikuwa na mteja mmoja, mwenye pikapu ya mboga. Nilimchongea matairi mawili. Hakurudi tena karakanani. Pengine alihamia mji mwingine, pengine alipata fundi mwingine. Sijui. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa kujibiwa. Kila mwisho wa mwezi ninapotupa dawa, ninaangalia mara mbili, mwenye duka ananisifu kwa uangalifu. Ningependa asinisifu.

Sasa umejua kwa nini Baba ameyageuza matairi ya Hakimu. Hana tena mkono wa kuchonga.

Naomba usimwambie mama yule. Yeye ni Hakimu hata akivaa kandambili. Akijua, karakana itafungwa, Baba atapelekwa, na wakifuata uzi watafika kwangu, kwenye koti jeupe. Nitampigia Baba kesho, nitamwambia ayabadilishe kimya kimya kabla ya tarehe ishirini na tano. Atanisikiliza, mimi ndimi mkono wake. Nipe siku chache tu.

Usinichukie.

Dada


Jumamosi, 18 Julai

Dada,

Barua yako sijaichoma. Nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda nyuma ya jiko kwenye lile tairi ambalo Mama amepanda maua. Nimeondoa udongo uliolifunika pembeni. Zipo. Safu kwa safu, moja, mbili, tatu, nne, mpaka tisa, kisha tena, kisha tena, kila safu nzuri kuliko iliyotangulia.

Nilijifunzia kuhesabu pale. Nilikuwa nikipitisha kidole ndani ya kila nambari huku wewe umesimama nyuma yangu ukisema, "Nne, Miwani. Nne iko wazi kichwani, kama kiti." Nimekuwa nikiwaambia watu wote kwamba dada yangu alinichongea tairi zima ili nijue nambari. Niliandika insha kuhusu jambo hilo. Nilipata tuzo.

Lilikuwa daftari lako la mazoezi.

Ulimpigia Baba, najua, kwa sababu jana alikuja mezani anacheka. "Eti hata mkono wangu wa kulia umeanza kuhubiri! Mji umemharibu." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, umemwandikia nini dada yako?"

Nikasema, "Habari za shule."

"Vizuri. Maana aliyechagua matairi ni wewe. Daftari lako analo Hakimu mwenyewe, lenye mwandiko wako. Mimi sijui kusoma maandishi madogo, mimi ni fundi tu." Akamega mkate. Mama akainuka kwenda kuleta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Nimewatazama wote, na nimejitazama kwenye kijiko. Ninyi nyote mnanitia kinyaa. Wewe zaidi, kwa sababu wewe nilikupenda zaidi. Sina la kuongeza leo.

M.


Jumatano, 22 Julai

Miwani,

Baba amenipigia mara nne tangu juzi. Mara ya kwanza alitukana. Mara ya pili alinyamaza, nikawa nasikia anavyopumua. Mara ya tatu aliniuliza kama nimekula. Mara ya nne alilia, na mimi sijawahi kumsikia Baba akilia, nilidhani ni laini ya simu imeharibika. Nilipomuuliza kuna nini alisema, "Muulize mdogo wako," akakata.

Mama hapokei. Sisikii chochote, sijui chochote. Kila mtu akiingia dukani na viatu vizito namtazama miguu kwanza.

Umefanya nini? Andika kama ulivyo na hasira, andika matusi, lakini andika.

Dada


Jumapili, 26 Julai

Dada,

Nitaandika kama yalivyotokea, bila kupamba.

Jumapili iliyopita, tarehe kumi na tisa, nilikwenda kwa Hakimu na kamusi yake, kioo cha Mama cha kujitazamia na tochi. Nilikuwa nimeandika barua, kwa kuwa nilijua nitakwama. Nilikwama kweli. Nilisimama mlangoni nikampa barua mkononi, akaisoma palepale amesimama, miwani yake puani, taratibu. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Tukaenda kwenye gari. Nikalala chini, nikaingiza kioo nyuma ya gurudumu, nikawasha tochi. Yeye naye akalala chini, Dada, na gauni lake, ubavu kwa ubavu na mimi kwenye saruji. Nambari zilionekana kinyume kwenye kioo, nikamsomea kuanzia upande wa pili. Akahesabu miaka kwa vidole. Kisha nikapangusa weusi kwa kitambaa, akaona nyufa. Aliingiza ukucha kwenye ufa mmoja, ukucha ukazama.

Akainuka akajipangusa. Nilitegemea atauliza kuhusu Baba. Aliuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla hujafungiwa matairi."

"Nilifungiwa tarehe sita. Leo kumi na tisa." Akahesabu tena kwa vidole. "Siku kumi na tatu. Nimekwenda sokoni na gari hili. Nimempeleka jirani hospitali. Siku ya kona ile ulikuwa umekaa hapa pembeni yangu, nikakuuliza, ukasema ndiyo."

Nikasema, "Ndiyo."

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Alinitazama kama nilivyokuwa nikiitazama mikono ya Baba, na mimi nikatambua kutazamwa huko, nikatazama chini. Kisha alinyoosha mkono akachukua kamusi kwapani mwangu. Akasema, "Hii itakaa kwangu kwanza," akaingia ndani.

Mlangoni aligeuka akauliza kama ni gari lake peke yake. Hapo ningeweza kusema ndiyo ya tatu. Nikasema hapana, ni mengi, ni miaka mingi. Akauliza nani alifanya. Nikamwambia Baba. Akauliza nani mwingine. Nikasema yule mwingine ataandika mwenyewe. Nimekuacha hapo, Dada. Sikukutaja na sikukuficha. Anwani yake iko nyuma ya bahasha hii.

Jumatatu lilikuja gari la kukokota likabeba lile jeusi, likapita mbele ya karakana polepole, watu wote wakiangalia. Hakimu alikuja nyuma yake kwa miguu. Alimwambia Baba ana wiki mbili za kuwaita wote aliowauzia na kuwatolea matairi yale, na kwamba yeye hakai tena mahakamani ila bado anajua njia ya kwenda. Baba akaanza, "Mama, binti ndiye aliyecha..." Fundi Jeki akadondosha spana. "Bosi," akasema, "acha. Mtoto huyo, acha." Hiyo ndiyo mara ya kwanza namwona Fundi Jeki akisema neno moja halafu asiongeze.

Nilimwambia Baba palepale kwamba ni mimi niliyemwambia Hakimu. Alisema, "Nimekulisha kwa mikono hii." Nikasema najua. Akaenda kukaa nyuma ya mashine ya kubadilishia matairi, na nadhani ndipo alipoanza kukupigia.

Wajukuu wamefika jana. Hakimu aliwafuata kwa basi.

Sasa nikueleze nilichofanya baada ya hapo. Jumanne baada ya shule nilichukua boksi la chaki. Nilianza rafu ya chini. Kila tairi nililitoa, nikaligeuza, nikatafuta tarehe, nikaiandika ubavuni kwa nambari kubwa ambazo mtu akipita barabarani anazisoma. Yaliyopakwa niliyapangusa kwanza. Kwa yale ambayo ubavu umekwanguliwa na kuchongwa upya, yale ya kwako, niliandika "umri haujulikani." Yapo kumi na moja bado. Fundi Jeki alinishikia ngazi. Mteja mmoja aliingia, akasoma, akatoka. Mwingine aliingia, akasoma, akauliza lile la mwaka huu liko wapi, akanunua hilo. Baba alikuwa ameketi, hakunizuia na hakunisaidia.

Nimefanya hivyo kila siku mpaka jana. Mikono yangu ni myeusi, weusi ule unaong'aa, umeingia chini ya kucha na hautoki kwa sabuni. Jana jioni Baba alimega mkate, akausukuma katikati ya meza bila kumpa mtu. Nilinawa, nikauchukua kwa mikono hiyo, nikaula.

Jambo moja nimeliona nilipomaliza na kusimama nje kutazama rafu zote. Nne zangu ziko wazi kichwani, kama kiti. Nilijaribu kuzifunga. Nilifuta nikaandika tena, mara mbili, mara tatu, zikatoka vilevile. Nimeziacha.

Miwani